Damu ya Kupima Urefu

Jumanne, 2 Julai 1996

Nimechuma chai kabla ya shule tena. Baridi ya kukata masikio. Umande umenilowesha mpaka kwapani, kwa sababu wenzangu chai huwafika kiunoni na mimi hunifika kifuani. Vidole vyangu ni vyepesi kuliko vya mtu yeyote hapa nyumbani, hata Mama anakubali. Lakini katikati ya kichaka mkono wangu haufiki. Nachuma pembeni kama mwizi.

Kwenye kituo cha chai kuna karani mpya. Amenitazama, akatazama kikapu, akauliza, "Wewe mtoto, mama yako ako wapi?" Nina miaka kumi na mitano! Nikamwambia mama yangu ako nyumbani anazaa karani mwenye adabu. Wanawake kwenye foleni wamecheka mpaka mmoja akamwaga majani. Jioni Mama amenigombeza sana. Sijutii hata kidogo.

Cherono, mdogo wangu, ana miaka kumi na mmoja na amenipita kichwa kizima. Wageni humsalimia yeye kwanza. Halafu wanamuuliza mimi niko darasa la ngapi, kama vile sina mdomo.

Jumapili, 7 Julai

Kanisani wametangaza kwamba daktari wa watoto kutoka Nairobi atakuja hospitali ya misheni Jumatano ya tarehe kumi na saba. Mama akanigusa goti. Nikajifanya natafuta wimbo kitabuni.

Nyumbani kumekuwa na mkutano juu yangu, nami nikiwa papo hapo nikimenya viazi. Kogo, mama yake Baba, anasema niachwe. Ati watu wa upande wake huchelewa kukua, kisha huruka siku moja kama mahindi yakipata mvua. Amesema hivyo tangu nikiwa darasa la nne. Mvua zimenyesha nyingi. Kila asubuhi ananimiminia mursik, maziwa ya kugandishwa, kutoka kwenye kibuyu, kikombe kile kikubwa, na anasimama hapo mpaka nione chini. Nampenda Kogo lakini nimechoka kunyweshwa kama ndama.

Baba ameenda kuangalia ng'ombe. Baba akiwa na wasiwasi huenda kwa ng'ombe, wawe wanaumwa au hawaumwi.

Mimi nataka kwenda. Nataka mtu mmoja tu aniambie ni kwa nini. Kama kuna sindano ya kurefusha mtu nitakubali hata ya jicho.

Jumatano, 17 Julai

Tumeenda, wote watatu, mimi, Mama na Baba. Daktari ni mwanamke, na yeye si mrefu. Nilifurahi.

Amenisimamisha ukutani bila viatu. Amenipima mara mbili kama mtu asiyeamini. Akaniambia ninyooshe mikono, akatazama viwiko vyangu, vinapinda kwenda nje. Mimi nilidhani viwiko vya kila mtu viko hivyo. Akainua nywele zangu nyuma, akaangalia zinaposhukia shingoni. Akamuuliza Mama kama nilipozaliwa nyayo zangu zilikuwa zimevimba. Mama akashika mdomo. Zilikuwa zimevimba kweli, Kogo alizikanda kwa samli mwezi mzima. Yule daktari alijuaje? Akauliza na masikio. Ndiyo, masikio yangu yametoka usaha utoto wote. Halafu akaniuliza kama nimeanza kupata hedhi. Nikasema bado. Baba akatazama dari.

Wakapiga mkono wangu wa kushoto eksirei. Mifupa haijafunga. Nafasi ya kukua bado iko, amesema, si kubwa, na tusikawie. Nimeyashika hayo maneno. Nafasi bado iko.

Sasa ni damu. Si ya ugonjwa ule ambao kila mtu anaogopa, amemwambia Mama mara tatu. Ndani ya damu kuna vijiti vidogo sana, nusu tumevipata kwa baba na nusu kwa mama, na ndivyo vinavyoamuru mwili uwe mrefu ama mfupi, uwe wa kiume ama wa kike. Nairobi kuna watu wanaovitazama kwa darubini. Lakini kwanza damu lazima ioteshwe, kama mbegu, kwa hivyo ifike ikiwa hai, kesho isipite. Isichomwe na jua. Baba akasema ataipeleka mwenyewe. Akaichukua ile chupa ndogo kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona akishika kitu hivyo.

Alhamisi, 18 Julai

Baba aliondoka jana jioni kwenda Kaplong kupanda basi la Nairobi. Mvua ilikuwa kubwa. Leo darasani sikusikia kitu. Mwalimu wa hesabu ameniuliza swali nikamjibu, "Imefika."

Jumapili, 21 Julai

Kumbe habari zimeshazunguka. Msichana fulani amepelekwa damu Nairobi, mdogo, hakui. Watu wamejumlisha wenyewe: ni ugonjwa ule. Kwenye chai ya baada ya ibada mtoto wa jirani yetu alichukua kikombe changu akanywa, na mama yake akakipokonya, akamfuta mdomo na leso. Mbele yangu. Mbele ya pasta.

Mama akanishika mkono. Mimi nikamkazia yule mama macho mpaka akaangalia chini. Nilitaka kumrushia hiyo chai. Nasikitika sikumrushia.

Jumamosi, 3 Agosti

Baba amesema ukweli leo. Tangu arudi Nairobi, kila tukimuuliza anasema majibu bado.

Siku ile matope yalimchelewesha, akafika Kaplong basi limeenda. La pili lilikuwa la asubuhi. Akawa na ile damu mkononi na usiku mzima mbele yake. Baba ni mtu wa maziwa. Maziwa ya jioni yakilala nje bila baridi, asubuhi yanarudishwa na watu wa kiwanda. Akafikiri damu ni hivyo hivyo. Akaenda kwa rafiki yake mwenye bucha, akaomba nafasi ndani ya friza, kati ya matumbo na ulimi wa ng'ombe. Asubuhi imekuwa ngumu kama jiwe. Akaitia kwapani akaibana njia yote mpaka Nairobi, ati ipate joto ifufuke. Watu wa maabara waliiangalia tu. Wakamwambia imekufa, barafu imeipasua, haiwezi kuota.

Amesimulia haya akiwa ameshika kofia. Amesema, "Nilifikiri naihifadhi."

Daktari atarudi Oktoba. Oktoba! Na mifupa yangu inafunga.

Nimemwambia Baba kwamba kama ningekuwa ng'ombe ningekuwa nimeshapona. Mama akainua mkono anipige, Baba akaushika. Akasema, "Wacha. Ni ukweli." Afadhali ningepigwa.

Jumatano, 21 Agosti

Likizo. Chebet, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, atapashwa tohara Desemba. Amekuja kuniambia huku anaangalia miguu yake. Wako sita hapa kijijini, wote rika langu. Watakaa ndani mwezi mzima, watafundishwa na akina mama, watatoka wakiwa wanawake wa kuolewa.

Sisi ni watu wa kanisa. Baba alishasema hakuna binti yake atakayekatwa, na mimi mwenyewe naogopa kile kisu. Singeenda. Lakini mama yake Chebet amepita kila nyumba yenye msichana wa umri wetu akiuliza, hata zile za kanisa, na kwetu hakupiga hodi. Nilimwona akipita langoni. Nataka kuulizwa ili nikatae. Hata hilo nimenyimwa.

Nimemuuliza Kogo kwa nini hatukuulizwa. Amesema mtoto haulizwi. Kisha akaona uso wangu akaenda kunimiminia mursik. Nimemwaga kwenye nyasi akiniona.

Jumatano, 9 Oktoba

Jana asubuhi na mapema daktari amenitoa damu tena. Safari hii Mama ndiye aliyebeba. Hakupitia nyumbani, kutoka hospitali moja kwa moja mpaka Kaplong, basi la asubuhi. Ameifunga kwa gazeti na leso, ndani ya mkoba, na mkoba juu ya mapaja. Baba aliomba aende yeye. Mama akasema hapana, basi. Hakupandisha sauti. Baba akamsindikiza mpaka steji akiwa nyuma hatua chache, ati asije akaanguka.

Mama amerudi leo mchana. Imefika hai. Wameipokea, wakamwambia inaonekana nzuri. Amelala na viatu vyake.

Baba ameniletea machungwa kutoka sokoni. Tangu Agosti namjibu ndiyo na hapana tu. Leo nimesema asante.

Jumanne, 12 Novemba

Mtihani wa darasa la nane umeanza. Msimamizi, mgeni, amenizuia mlangoni. "Madarasa ya chini wako likizo, enda nyumbani." Nikamwonyesha namba yangu. Akasema nimeokota ya dada yangu. Wenzangu wameshaketi, karatasi zinagawanywa, na mimi niko mlangoni kama mtu aliyekuja kuuza ndizi. Mwalimu mkuu amekuja mbio kutoka jikoni kusema kwamba huyu ndiye mwanafunzi wake anayeongoza darasa la nane.

Insha ilikuwa nyepesi. Ukurasa wa kwanza wote nilikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, kwa hasira. Nikikua, siku ya kwanza nitamtafuta huyo mtu.

Alhamisi, 28 Novemba

Majibu.

Daktari aliwaita Baba na Mama kwanza, nami niketi nje kwenye benchi na watoto wa chanjo. Nilikaa kidogo. Kisha nikafungua mlango nikaingia, nikasema damu ni yangu. Daktari akanivutia kiti.

Ametuonyesha picha. Ni vile vijiti, vimekatwa na kupangwa viwili viwili, vikubwa mwanzo vidogo mwisho. Vya mwisho kabisa ndivyo vinavyosema huyu ni msichana, na msichana huwa navyo viwili. Mimi niko na kimoja. Kando yake hakuna kitu, karatasi tu. Nimezaliwa hivyo. Hali hii ina jina la mzungu aliyeiandika kwanza. Sitaliandika hapa, hanijui.

Mama akauliza kama imetoka kwake. Daktari akasema haikutoka kwa mtu, hakuna laana, hakuna chakula kilichokosekana, inatokea tu. Mama akauliza tena. Nafikiri alitaka lawama iwe yake.

Urefu: nitaongeza kidogo sana, labda upana wa vidole viwili. Dawa ya kurefusha iko ng'ambo, sindano kila siku, miaka mingi, na huanzishwa kwa mtoto mdogo. Hapa hakuna. Baba akasema atauza ng'ombe. Daktari akasema si ng'ombe, mzee, ni umri.

Halafu akasema lile lingine, akiniangalia mimi, si wao. Hedhi haitakuja yenyewe. Kuna vidonge, vitanipa kifua na nyonga kama wengine, tutaanza mwakani. Lakini mtoto sitazaa.

Nje kuna mtoto alikuwa analia kwa sababu ya sindano.

Baba akauliza, "Daktari, mimi najua ng'ombe. Hii maneno ya damu sijui. Kama singeweka kwa friza?" Akamjibu kwamba ile miezi haikubadilisha kitu. Hata kama majibu yangekuja Julai yangekuwa haya haya. Baba akatoka nje.

Nitaandika ukweli, hakuna anayesoma hapa. Nilitaka daktari aseme ni kosa la Baba. Tangu Agosti nimekuwa na mtu wa kukasirikia. Sasa sina.

Jumapili, 1 Desemba

Sikuenda kanisani. Nilisema tumbo.

Mama amemwambia Kogo. Nilikuwa kwenye mlango wa jikoni. Nilitegemea Kogo alie. Amesema, "Hiyo tu?" Kisha akaeleza kana kwamba anaeleza jinsi ya kuosha kibuyu. Mwanamke asiyezaa anaoa. Anatoa ng'ombe kama mwanamume, analeta msichana kwake, msichana anazaa, watoto wanaitwa kwa jina lake. Kuna mwanamke wa Sigor, rika la Kogo, alioa hivyo, leo ana wajukuu wanne na shamba linalimwa. Chelangat, yaani mimi, atakuwa na nyumba yake. Hakuna kilichoharibika.

Kwa muda kidogo, haki ya Mungu, nilipumua.

Mama akalipuka. Mambo ya shetani, siyo katika nyumba yake. Kogo akamwambia shetani hajazaa watoto wale wa Sigor. Halafu Kogo akaongeza, polepole, kwamba lakini kwanza lazima nikatwe, na wenzangu wanaingia wiki hii. Asiyekatwa si mwanamke, na asiye mwanamke hawezi kuoa. Sasa ndiyo niulizwe.

Wamegombana mpaka sufuria ikaungua. Mmoja analinda roho yangu, mwingine analinda jina langu. Wanagombania watoto ambao sina. Nikaingia jikoni nikasema sitakatwa na sitaoa mtu. Na sitakunywa mursik tena, kwa sababu ufupi wangu haukuwa wa kukosa mursik. Kogo akaweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa mzee sana.

Jumamosi, 7 Desemba

Wameingia. Nyimbo tangu jana. Jina la Chebet limo.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Kuku, chapati. Baba ameomba kabla ya chakula akafika kwa jina langu akakwama. Tukangoja macho yakiwa yamefumbwa. Kogo ndiye aliyesema amina.

Jumatatu, 6 Januari 1997

Matokeo ya mtihani yametoka. Nimepita vizuri, nimeitwa shule ya bweni ya wasichana. Baba amenishika mkono kama mwanamume mwenzake, akazunguka kuwaambia majirani wote, hata yule wa kikombe.

Mchana nimemkuta Cherono nyuma ya choo akilia. Amepata damu yake ya kwanza. Alikuwa anangoja Mama arudi kutoka kwa chai, na aliponiona akasema si kitu, ameanguka. Ameambiwa asiniambie mambo kama hayo. Najua ni Mama.

Nina vitambaa. Nilivikata na kuvipinda mwenyewe nikiwa darasa la sita, mara tu mwalimu alipotufundisha, nikavifua, nikaviweka chini ya godoro nisije nikashtukizwa. Nimevitoa nikampa vyote. Nikamwonyesha jinsi ya kukunja. Akauliza mimi nitatumia nini. Nikamwambia nitashona vingine.

Halafu nikaenda kwenye chai nikachuma mpaka Mama akaniita mara tatu. Namchukia Cherono leo. Kesho nitaacha.

Jumamosi, 25 Januari

Tumeenda Kaplong kushona sare, mimi na Mama. Fundi anakaa kwenye veranda ya duka la vitambaa. Foleni ilikuwa ndefu, wote ni wa kidato cha kwanza na mama zao. Kila mama alisema neno lile lile: acha pindo kubwa, huyu atakua, nataka imfikishe kidato cha nne. Fundi anacheka, anakunja kitambaa hata mara tatu. Wasichana wametoka hapo na sketi za kufagia barabara.

Zamu yangu ikafika. Akanipima kiuno, akateremsha utepe mpaka chini ya goti. Akamuuliza Mama aache pindo kiasi gani. Mama akafungua mdomo. Kisha akageuka akatazama barabara.

Nikasema asiache.

Fundi akadhani hakusikia. Akasema, "Msichana, mwaka ujao itakuwa fupi, utarudi hapa kulia." Nikamwambia akate hapo hapo utepe ulipo, apinde tu ukingo usifumuke. Akamtazama Mama tena. Mama akasema, "Fanya vile amesema."

Akachora na chaki, akakata. Kipande kilichobaki kilikuwa kikubwa. Mama akakikunja akakitia mkobani. Tukangoja kwenye ngazi mpaka sketi ikaisha, nikaijaribu juu ya rinda langu, ikakaa sawa.

Tumenunua sukari na sabuni ya shule. Tumerudi nyumbani kabla ya mvua.